Vumbi Jekundu la Mbegu za Serikali

Waliokuwa wakitawala Bunia wakati ule walijiita serikali, na kama serikali nyingine walitaka kupendwa na wakulima. Kila nyumba yenye shamba ilipewa jembe moja na mfuko wa mahindi ya mbegu. Mahindi hayo yalipakwa dawa nyekundu ya kuzuia wadudu. Agronomu, bwana shamba wao aliyeyagawa, alituonya tusiyale wala tusiyashikeshike.

Lakini baba yangu hakuwahi kupanda mbegu ambayo haikupita mikononi mwake. Kwetu mbegu huchambuliwa punje kwa punje, iliyopasuka hupewa kuku. Akamwaga mfuko kwenye ungo, akaniita. Mama alikuwa amefariki, tulibaki wawili tu. Nilikuwa na miaka ishirini na miguu isiyotulia. Nikamwambia nafika sokoni mara moja, nikarudi jioni, nimezunguka mji mzima bila kununua kitu. Alikuwa amemaliza peke yake. Viganja vyake vilikuwa vyekundu mpaka kwenye mikunjo ya vidole.

"Weye mutembezi," akasema. "Shamba haitakujua."

Siku tatu alinawa kwa majivu, kwa ndimu, hata kwa mafuta ya taa. Rangi ilififia, haikutoka. Siku ya nne kundi jingine liliuteka mji.

Alfajiri tulimkuta jirani yetu mlangoni kwake, jembe jipya la serikali limekitwa kichwani. Tukajua wanaotafutwa ni kina nani. Baba akajipaka udongo viganjani, tukaingia katika umati uliokuwa ukikimbia kwa njia ya Gety.

Kwenye barieri, gogo lililofunga barabara, palikuwa na vijana watatu na beseni la maji. Kando ya barabara, miili ilikuwa imelazwa juu ya nyasi, mingine haina mikono.

"Nawa, muzee," mmoja akamwambia baba, kwa adabu kabisa. "Kama vile unakuja kula kwetu."

Akanawa. Udongo ukatoka. Nikanawa na mimi.

"Angalia muzee anapaka rangi sawa bibi ya mujini," akasema yule kijana, na wenzake wakacheka. "Nani alikupamba?"

"Ni dawa ya mbegu," baba akajibu.

"Mbegu ya serikali ya bale tulifukuza," kijana akasema.

"Mbegu ya shamba yangu."

Kijana akaninyooshea panga. "Na huyu? Iko mutoto yako?"

Baba akaviangalia viganja vyangu, vilivyokuwa safi, vikidondosha maji.

"Huyu? Angalia mikono yake. Mimi siwezi kuzaa muvivu namna hii."

Wakacheka tena. Mwingine akanisukuma kwa kitako cha bunduki. "Pita, muvivu."

Nikapita. Nyuma yangu panga liligonga mfupa, kisha likagonga tena, na tena. Sauti ya baba sikuisikia. Sikugeuka, kwa sababu mtu asiye baba yako humgeukii, na wao walikuwa bado wananitazama.

Tangu hapo nimebeba udongo wa dhahabu Bambu, nimepakua samaki Mahagi-Port, nimevuka ziwa na kurudi mara nisizozikumbuka. Sijalima. Ila nikipita mahali na kukuta watu wamezunguka ungo wa mbegu, huomba nafasi, nikachambua nao mpaka punje ya mwisho. Wananiuliza natoka wapi. Nanawa mikono, naondoka.