Bodi ya Masikio ya Mama

Dada yangu mkubwa ndiye aliyelisema kwanza, kwa simu, yeye akiwa nyumbani kwa Mama, Kibondo, na mimi nikiwa dukani kwangu Kasulu. Alisema akili ya Mama imeanza kuchoka. Jirani alikuja kuomba apitishe mbuzi wake kando ya shamba letu la maharage, Mama akamwitikia ndiyo, karibu sana. Mbuzi wakapita katikati ya shamba na maharage yakaenda nao. Mama alipoulizwa alitabasamu, akasema ni sawa tu.

Mimi nikasema si akili, ni masikio. Wote tulijua masikio yake ni mazito kidogo, na kila mtu pale nyumbani alishazoea kupaza sauti akiongea naye. Dada akanijibu kwamba kupaza wanapaza mpaka majirani wanageuka, na bado Mama anajibu mambo ambayo hakuulizwa. Tukabishana. Hasira zangu ziko karibu, anayenijua analijua hilo, na siku ile nilikata simu nimeshaapa kumtengenezea Mama kifaa cha kusikia kwa mikono yangu. Kumpeleka Mwanza kwa wataalamu kulishindikana, alikataa katakata, alisema yeye haumwi. Basi kifaa kingeamua. Akisikia vizuri na bado akajibu ovyo, dada atakuwa mkweli, na mama yetu atakuwa ameanza kutuondokea huku amekaa palepale kwenye mkeka. Niliogopa kweli.

Mimi ni fundi wa redio na simu, nina kibanda karibu na stendi. Nimefungua bodi za watu wengine miaka mingi, ila kuchora bodi yangu mwenyewe, yenye njia za shaba nilizozipanga mimi, sikuwahi. Nilikuwa nimesikia kuna programu ya bure ya kazi hiyo, haiuzwi na haidai leseni, imetengenezwa na watu wanaojitolea huko duniani. Nikanunua bando, nikaipakua kwenye laptopu yangu inayopiga kelele kama kinu. Ilipofunguka nilikuta Kiingereza kimejaa kila kona. Kiingereza changu ni cha kusoma maandishi ya nyuma ya betri.

Aliyeniokoa ni rafiki yangu Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Huwa anatoka kambini kwa kibali siku za soko, anauza chaja na kava za simu, na meza yake huiweka mbele ya kibanda changu. Kwao alikuwa mwalimu, Kifaransa anakimwaga. Alibonyeza hapa na pale, programu yote ikageuka Kifaransa, akacheka peke yake kwa furaha. Kisha akagundua jukwaa la mtandaoni ambapo watu wanaotumia programu hiyo huulizana maswali kwa lugha hiyohiyo.

"Fundi, tuulize hapa," aliniambia. "Hawa batu banajibu bure. Weye sema shida yako, miye nitaandika."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Mimi nalalamika kwa Kiswahili, yeye anaandika kwa Kifaransa, na wateja wake wanasubiri chaja. Aliyekuwa akitujibu zaidi ni mtu mmoja ambaye hatukujua ni mzee au kijana, mwanamume au mwanamke, kwa sababu picha yake ilikuwa paka wa kijivu. Tukambatiza Papa wa Paka, maana kwao rafiki yangu papa ni baba. Alikuwa na subira ya ajabu. Bodi yangu ya kwanza ilikuwa pana kama sahani ya pilau, akatuonyesha jinsi ya kuvisogeza vipande vikae karibu. Maikrofoni nilikuwa nimeiweka jirani na waya za spika, akatuambia itapiga mluzi, tuitenge. Kila nilichokosea alikieleza kwa sababu zake. Nilipenda kufundishwa vile, ingawa mara nyingi nilinuna kwanza.

Kitu kimoja tu katika programu ile kilinikera. Inachora mistari myembamba inayokatizana, kukuonyesha sehemu ambazo bado hujaziunganisha. Skrini ilionekana kama kichwa kisichochanwa. Nikatafuta kitufe cha kuificha, nikakipata, nikaificha yote.

Mchoro niliuchapisha steshenari kwenye karatasi ya kalenda inayong'aa, nikaubandika kwenye kibao cha shaba kwa pasi ya mkaa, nikakiloweka kwenye dawa mpaka shaba isiyotakiwa ikaliwa. Nikachomelea maikrofoni ya simu mbovu na kichipu cha kukuza sauti kutoka kwenye redio iliyokufa. Kupima sikusubiri betri. Mafundi wa redio tuna tabia hiyo, nilichukua nyaya za kisanduku cha umeme mdogo kilicho mezani kwangu nikazigusisha moja kwa moja kwenye miguu ya kichipu, nikavaa hedifoni. Pikipiki za stendi zikapita katikati ya kichwa changu. Nikachekelea, nikachomelea betri, nikafunga kikasha kwa gundi na kuwahi gari la Kibondo.

Walimu na madaktari wanaoletwa huku kutoka mikoa mingine hutucheka Waha kwa salamu zetu. Wanasema mpaka tumalize kusalimiana, jambo lililomleta mtu limeshaisha. Ni kweli hatuna haraka. Unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, unauliza kulivyokucha, unauliza waliolala humo ndani, watoto, ng'ombe, shamba, majirani wa juu na wa chini, na kila swali lina jibu lake ambalo mtoto wa Kiha amelijua kabla hajajua kuvaa shati.

Nilimvalisha Mama hedifoni, nikakaa mbele yake, nikapiga makofi.

"Mwakeye," nikasema.

Akaitikia. Nikauliza watoto, akajibu amahoro, wana amani. Nikaanza kushusha sauti. Nikauliza ng'ombe, nikauliza shamba, nikashusha tena, mpaka nilipofika kwa majirani nilikuwa nanong'ona, na Mama anajibu kila kitu mahali pake, anapiga makofi yake, uso umetulia.

"Unasikia, Mama?"

"Nasikia, mwanangu. Nasikia vizuri."

Nilimtazama dada kwa majivuno yasiyo na haya. Nikarudi Kasulu naimba ndani ya gari.

Haukupita muda dada akapiga simu. Safari hii hakubishana, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema Mama anakivaa kifaa kila siku, hakivui mpaka wakati wa kulala. Lakini amemwambia aepue sufuria, Mama akaenda kufungulia kuku. Amemuuliza kama dawa zimekwisha, akajibu kwamba mvua itanyesha. "Mdogo wangu," akasema, "wewe mwenyewe ulimpima. Masikio anayo."

Nilikaa kibandani sikushika kazi. Kifaa changu kilikuwa kimeamua, na kilikuwa kimeamua vibaya. Rafiki yangu alipokuja siku ya soko nilimwomba aandike jukwaani kwamba tunashukuru sana, bodi imefanya kazi, ila tatizo la mama yangu limeonekana si la masikio. Aandike hivyo, aweke na mchoro wetu pamoja na picha, ili mwingine mwenye mzazi asiyesikia autumie. Akaandika polepole, hakunitania hata kidogo.

Jibu la Papa wa Paka lilikuja kabla hatujafunga meza. Rafiki yangu alilisoma kimya, akakuna shingo.

"Anasema nini?"

"Anasema pole kwa mama. Halafu anasema amefungua muchoro wetu. Batteri haikamate kitu. Ule mustari wa batteri unafika karibu na kichipu, lakini haugusi. Anasema hii bodi haiwezi kulia hata siku moja."

Damu ikanipanda. Nilisema mwambie huyo Papa akalale na paka wake. Mwambie mimi nilivaa hiyo hedifoni kwa masikio yangu. Mwambie mama yangu mzazi aliitikia salamu zote, moja baada ya nyingine, mpaka nilipokuwa nanong'ona. Nikaongeza na maneno mengine.

"Hayo ya mwisho siandike," akasema. "Mutu anatusaidia bure, na weye unataka nimutukane? Nitaandika hivi, tunakushukuru, lakini mama alijibu."

Akaandika kwa adabu zake za ualimu. Papa wa Paka akajibu kwa adabu vilevile. Alisema haelewi ilikuwaje kwa mama, lakini ya bodi ana uhakika nayo. Akatuomba tufanye kitu kimoja tu, tumuulize mama swali ambalo hawezi kubahatisha jibu lake.

Rafiki yangu alipomaliza kulitafsiri hilo, mimi nilikuwa nimeshaivuta laptopu kwangu. Salamu zetu hazihitaji masikio. Mtu anaziitikia kwa kuyaona makofi na mdomo wa anayesalimia, na Mama alikuwa ameziitikia maisha yake yote. Nilirudisha ile mistari niliyoificha. Ulikuwa umebaki mmoja tu, mwembamba, kutoka kwenye betri hadi kwenye kichipu. Mezani nilikuwa nimeruka sehemu hiyohiyo kwa nyaya zangu. Mama alikuwa amekaa siku zote hizo na hedifoni zilizokufa, zikimziba hata kile kidogo alichokuwa anasikia.

Sijawahi kufurahia kazi yangu mbovu namna ile. Nilimkumbatia rafiki yangu mbele ya wateja, na yeye, ambaye hakuwa na kosa wala sifa katika jambo hilo, akanikumbatia pia. Nikampigia dada nikamwambia asiseme lolote kuhusu akili ya Mama, bodi haikuwa na umeme. Kwanza alicheka. Halafu akalia.

Bodi ya pili tuliichora kwa utulivu. Papa wa Paka alitueleza kwamba masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile zinazotenganisha neno na neno, kwa hiyo tusiongeze kelele zote sawasawa, tuinue zile nyembamba. Akatuonyesha vipande vya kubadilisha. Akasema pia, na rafiki yangu akalirudia hilo akininyooshea kidole, kwamba siku ya kumpima niongee kawaida, kama ninavyoongea na mtu aliyekaa karibu yangu. Safari hii nilipima kwa betri yake, kikasha kikiwa kimeshafungwa, na mstari mwembamba haukubaki hata mmoja.

Kibondo nilimkuta Mama anachambua maharage. Nilimvalisha, nikawasha, nikaona mabega yake yanashtuka kidogo. Sikupiga makofi. Nikakaa kando yake, mahali ambapo hawezi kuuona mdomo wangu vizuri, nikauliza kwa sauti ya kawaida, "Mama, jana mlikula nini?"

Mikono ilisimama juu ya ungo. Dada, aliyekuwa mlangoni, akageuza uso.

"Mlenda," Mama akasema mwishowe. "Mlenda na ugali wa muhogo." Kisha akanigeukia, akanitazama usoni. "Kumbe umeacha hasira."

"Hasira gani, Mama?"

"Za miaka yote hii. Ukija hapa ni kunifokea tu. Mdomo mkubwa, macho makali, shingo imejaa mishipa. Na dada yako vilevile. Sikujua nimewakosea nini." Akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Nikaona kila mnachosema nikisema ndiyo, mtatulia."

Nilitaka kumweleza. Nilitaka kumwambia kwamba hatukuwa na hasira naye hata siku moja, kwamba tulipaza kwa sababu tulimpenda na tulitaka atusikie, na maneno yakanitoka yote kwa pamoja, kwa mazoea, kwa sauti ile ile ya siku zote. Mama akafumba macho, akainua viganja kuzifunika hedifoni.

"Taratibu, mwanangu," akasema. "Nasikia."