Hadithi za Mchana

Jana usiku nililala na hasira, na bibi yangu, tuliyemzika masika yaliyopita, akanikuta humo humo kwenye hasira.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Nafundisha kusoma kwa hadithi: nasimulia, watoto wanaisimulia upya kwa maneno yao, nayaandika ubaoni, kisha wanayasoma. Hadithi zote ni za bibi. Lakini kwetu hadithi ni za usiku. Ukisimulia mchana, mama yako atakufa, ndivyo kila mtoto anavyoambiwa nyumbani. Rehema ndiye aliyethubutu wa kwanza kuitikia “Pakawa!” jua likiwa utosini, na ndiye aliyesoma wa kwanza. Halafu mama yake akashikwa na homa, akafa. Pale pale msibani shangazi yake akamwambia, “Umeona sasa hadithi zako?” Tangu hapo mtoto hafungui mdomo. Hasomi, haandiki hata jina lake.

Basi, ndotoni nilikuwa darasani, mara darasa ni shamba la mahindi, na ubao umesimama katikati ya matuta. Bibi ameketi dawati la mbele, miguu imejaa udongo. Rehema yuko ubaoni, ameshika jembe.

“Shikamoo, bibi.”

Namuuliza kama ni kweli hadithi ya mchana inaua.

Anacheka. Anacheka mpaka anajishika mbavu, mbele ya yatima, nami natamani kumzaba kofi, bibi yangu mwenyewe, marehemu.

“Imuue nani? Mngekaa mchana kutwa mnasikiliza hadithi, nani angepalilia? Tuliwatisha tu. Hata mimi nilitishwa hivyo hivyo.”

Natafuta majuto usoni mwake, hana. Mahindi yamekwisha kutoweka, tumerudi darasani, madirisha yote yako wazi. Rehema anaweka jembe chini. Sauti yake niliyoikosa muda wote huu inatoka imekauka.

“Kwa hiyo sikumuua mama?”

“Hukumuua,” bibi anamjibu. “Ni homa.”

Uso wa mtoto unachangamka. Moyo wangu unapasuka kwa furaha, mjinga mimi, nikidhani yamekwisha.

“Basi atarudi?”

Nanyoosha mkono nimzibe bibi mdomo. Mkono haufiki.

“Harudi,” anasema, na anainuka kukung'uta kanga yake. Mlangoni ananigeukia. “Kamwambie. Mchana, mbele ya wenzake wote.”

Nikaamka shuka limelowa jasho, kumeshakucha, watoto wanapita nje kwenda shule. Nikamlaani bibi kwa sauti, kisha nikalia. Ujumbe wake ninao, na leo nitaufikisha: Rehema, hukumuua mama yako. Atafungua mdomo aniulize lile swali, na nitalazimika kumjibu.