Mchele Uliokwisha Kuvuka

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilisimama mbele ya nyumba ya mama huko Kabondo nikivitazama vyumba vilivyoezekwa mabati. Vilikuwa vitatu. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne. Cha nne kilifunikwa kwa turubai, na humo alilala mama mwenyewe, kwa sababu alikataa katakata watoto wa dada yangu walale chini ya turubai. Mvua za Kisangani unazijua. Chumba kile kilikosa paa kwa sababu yangu. Umeniuliza jinsi mtu mmoja, asiye na ofisi wala kampuni, anavyoweza kununua hisa katika soko moja na kuziuza katika soko jingine. Nitakujibu, lakini nitaanzia kwenye chumba kile, maana sitaki ujifunze kazi hii kwa paa la mzazi wako.

Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini hivi. Nilikuwa fundi wa mizani, kama nilivyo hadi leo, nikiwahudumia wauza mchele na wauza samaki wakavu wa soko kuu. Sekondari sikuimaliza. Nilichokijua nilikipata kwa kusoma, kwanza kwenye kompyuta za kukodi mjini, baadaye kwenye simu, nikiandika kila kitu katika daftari za shule. Nilisoma habari za masoko ya hisa miaka miwili kabla ya kugusa hisa moja. Jambo hilo najivunia mpaka sasa, ingawa, kama utakavyoona, halikunisaidia.

Katika kusoma nilikuta kampuni moja ambayo hisa zake ziliuzwa katika masoko mawili, katika miji mikuu ya nchi mbili za mashariki yetu. Kampuni ni ileile, hisa ni ileile, lakini bei haikuwa sawa. Nilipogeuza fedha zote mbili kuwa dola, kilichouzwa mia moja huku kiliuzwa mia na sita kule. Wasomi wa Kifaransa wana jina la kazi hiyo, arbitrage. Maana yake ni kununua penye bei ya chini na kuuza penye bei ya juu. Nilifuatilia bei hizo majuma kumi. Nikatoa malipo ya madalali wawili, kodi, na gharama ya kutuma na kubadilisha fedha. Katika kila mia, tatu zilibaki. Nilirudia hesabu mara nne, na mara zote nne ilikuwa sahihi.

Mimi na dada yangu Zaina tulikuwa tumeweka akiba ya mabati ya vyumba vyote vinne. Zaina aliniuliza swali moja tu: fedha zitarudi kabla ya mvua? Nikamjibu kwamba zitarudi na nyongeza. Nilimfungulia daftari, nikamwonyesha mistari. Alitazama mistari, kisha akanitazama mimi, akasema sawa.

Nikanunua katika soko la bei ya chini. Kisha nikamwomba dalali wangu azihamishe hisa hizo ziende soko la bei ya juu. Alikubali kwa adabu, akanitumia fomu. Fomu ilitaka sahihi, sahihi ikataka nakala ya pasipoti, na kila ofisi ilikuwa na siku zake za kazi. Uhamisho ulichukua siku kumi na saba. Hakuna aliyekosea, ndivyo kazi hiyo ilivyokuwa ikifanyika. Ndani ya siku hizo kampuni ilitangaza kwamba gawio la mwaka ule lingekuwa dogo, na bei ikaanguka katika masoko yote mawili. Hisa zangu zilipofika, tofauti ya bei ilikuwa bado ipo, mwanangu, karibu kama nilivyoiandika. Ila mimi nilinunua kabla ya anguko na sasa nauza baada yake. Wingu lilikuwa limekwisha kukusanyika, mafundi wa paa walikuwa wakisubiri. Nikauza. Robo ya akiba ilikuwa imekwenda, na robo ya nyumba ilikuwa chumba cha mama. Nilikuwa nimehesabu kila kitu isipokuwa siku.

Siku chache baadaye Papa Radjabu alikuja kuchukua mizani yake. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mchele wa familia ya zamani hapa mjini, mzee mkavu, mwenye kofia safi daima. Alinitazama kabla ya kuitazama mizani.

"Fundi, sura yako iko kama mizani yenye ilipoteza sahani."

Nikamweleza yote, pamoja na chumba. Hakunipa pole. Aliniuliza polepole, kama mtu anayepima:

"Siku yenye ulinunua, ulikuwa umeshauzisha?"

"Hapana, papa. Nilingojea zifike kwanza."

"Bon. Basi haukufanya masoko mbili. Ulifanya soko moja na maombi."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Akalipia mizani yake na kuniambia kwamba siku kivuko cha mtoni kitakapoharibika nifike kwenye depo yake ya mchele, nikae, ninyamaze.

Haikuchukua muda, maana kivuko chetu kilikuwa na desturi hiyo. Kilipokwama, mchele ulipungua Lubunga, ng'ambo ya mto, na bei yake ikapanda kule asubuhi ileile. Vijana wote wa mchele walikimbilia ufukweni, wakigombania mitumbwi na kubishana na wapiga kasia walioongeza nauli kila walipoombwa. Papa Radjabu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, nami kando yake. Kule Lubunga alikuwa na depo ya pili, iliyoshikwa na yaya wake, yaani dada yake mkubwa, Mama Asha. Akampigia simu.

"Yaya, watu wanakamata mifuko ngapi kwa hiyo bei? Si bei yenye wanasema. Yenye wanakamata."

Alisikiliza, kisha akamwambia auzishe mifuko ishirini. Kabla ya kuzima simu alikwisha kumnyooshea kidole mfanyabiashara aliyeshuka na mashua kutoka Basoko, akanunua kwake mifuko ishirini kwa bei ya upande wetu. Kazi ikaisha. Mifuko yake ilikuwa ileile kwa idadi; ishirini imetoka kule, ishirini imeingia huku, na tofauti ya bei ilikuwa mkononi mwake. Kule chini, vijana walikuwa bado hawajapakia.

Nilimwuliza mchele huu utavuka lini.

"Muchele ya Lubunga ilishavuka," akasema. "Ilivuka zamani, wakati hakuna mutu alikuwa na haraka yake."

Mwanangu, nilikuwa nimesoma miaka miwili, na jibu lilikuwa limekaa kwenye kigoda mita mia moja kutoka kwenye meza yangu. Sikuona aibu. Nilijivuna kwamba mji wangu uliijua kazi hii kabla yangu, na uliijua kwa mikono.

Sasa nikuambie ninavyofanya mimi. Nina hisa za kampuni ileile katika masoko yote mawili, na kila upande nina fedha taslimu. Tofauti ikizidi gharama zote za safari nzima, nauza penye bei ya juu na kununua penye bei ya chini siku hiyohiyo. Kila agizo naliwekea kikomo cha bei. Dalali hana ruhusa ya kukivuka. Upande mmoja ukikubali na wa pili ukikataa, naurudisha wa kwanza hata kwa hasara ndogo, sikai kuomba. Hisa nazihamisha baadaye, bila haraka, upande mmoja ukipungukiwa. Tena nauliza swali la Papa Radjabu: bei inayoonyeshwa ni ya leo, au ni ya mtu aliyenunua juzi akaenda zake? Nani yupo sasa, na anataka hisa ngapi? Katika masoko madogo bei nyingi zinazoonyeshwa hazina mtu nyuma yake.

Na kwa kuwa nakaa na hisa hizo mwaka mzima, zikishuka nashuka nazo. Ndiyo maana nachagua kampuni ambayo ningependa kuwa nayo hata kama masoko yangekuwa na bei moja. Katika masoko makubwa ya dunia usijaribu. Kule mashine zimekwisha kufika kabla hujafungua simu. Katika masoko yetu nafasi ya kweli huja mara chache kwa mwaka. Mtu akikutumia ujumbe kwamba umpe fedha zako akufanyie kazi hii kwa faida ya kila juma, usimjibu. Kazi hii haina faida ya kila juma.

Nisikudanganye: mabati ya chumba cha nne niliyanunua kwa kutengeneza mizani, msimu mmoja baadaye. Faida ya mara yangu ya kwanza ya pande mbili ilitosha kitu kimoja, mfereji wa bati wa kukinga maji ya paa na kuyapeleka kwenye pipa. Mama sasa ni mzee sana. Mvua ikinyesha huketi barazani, na mgeni akifika humwonyesha mfereji, si nyumba.

"Hii iko ya masoko mbili," humwambia. "Mutoto yangu alilipa chumba yangu ndio aijue."

Basi, mwanangu, weka kitu chako pande zote mbili kabla ya siku ya haja. Usinunue kabla hujajua nani anakuuzia na nani ananunua kwako, saa hiyohiyo. Hesabu siku kama unavyohesabu gharama. Na fedha ya paa ibaki fedha ya paa.

Mungu akupe subira ya kukaa kwenye kigoda wakati wenzako wanakimbilia mitumbwi. Na mvua ikija, ikukute wewe na mama yako chini ya bati.