Mama Anayenyonyesha, Laini ya Brokoli

"Lakini madam, jina lako sikutaja," aliniambia kwa simu, na hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha. Nilimfokea mpaka mtoto akaachilia titi akaanza kulia.

Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mambo ya usimamizi, kutoka chuo kimoja cha Embu. Alikuja kwetu Timau, kwenye shamba ninakopakia mboga za kuuzwa ng'ambo, akatukalisha kantini, akabandika karatasi kubwa ukutani. Alisema anasoma jinsi kampuni inavyojifunza kutokana na makosa yake. "Hapa hatutafuti mtu wa kulaumiwa. Tunaangalia shida inazunguka vipi. Na hakuna atakayejulikana."

Ilinipendeza, sidanganyi. Nikasema kreshi tunakoacha watoto inafunguliwa baada ya zamu kuanza, wenye watoto tunachelewa, supavaisa anatukata masaa, tunafanya kazi mbiombio, na mboga mbovu zinapita. Akachora mshale baada ya mshale mpaka ukarudi pale kwa kreshi.

"Sawa kabisa, madam!"

Juzi akarudi kuonyesha mameneja matokeo, nasi tukaitwa tusikie. Ukutani nikaona maneno yangu, na chini yake: mama anayenyonyesha, laini ya brokoli. Kwenye laini hiyo ya kupakia, anayenyonyesha ni mimi peke yangu. Vichwa vyote viligeuka.

"Kumbe tuna profesa hapa!" supavaisa akacheka. Mimi sikucheka. Kandarasi yangu inaisha mwezi huu, na yeye ndiye anayependekeza nani arudi. Tangu hapo, akiita mtu yeyote ofisini, nadhani ni mimi.

"Wee, si ungenyamaza tu," mwenzangu wa meza alininong'oneza. "Sasa mtoto atakula mishale?"

Jioni hiyo ndipo nilipompigia yule mwanafunzi simu, akaniambia hakutaja jina. Nilipopata siku ya ofu nilienda Embu, mtoto mgongoni, mpaka ofisi ya masomo ya uzamili ya chuo chake. Karani akauliza kama mimi ni mwanafunzi.

"Mimi ndio utafiti wenyewe," nikamwambia, nikampa barua. Akaigonga muhuri. Niliandika hivi:

"Mwanafunzi wenu aliniahidi sitajulikana, kisha akaandika sifa zangu mpaka nikajulikana. Shida ya kreshi msiitoe kwa kazi yake, kwa sababu ni kweli. Nitoeni mimi. Pia muiandikie kampuni kwamba nilisema kwa sababu niliahidiwa siri. Naomba mfanye hivyo kabla kandarasi yangu haijaisha, kwa sababu baada ya hapo barua yenu haitanisaidia."