Sufuria ya Dada Zangu

Nilikuwa nakula kama mchimba kisima, na bado kila wiki mkanda nautoboa tundu jipya. Ugali wa muhogo, mchuzi wa pweza, saa haijapita tumbo linadai tena. Jasho linanitoka nimekaa tu.

Dada zangu wawili wa Mikindani wakaamua kwamba mke wangu ananinyima. Katika ukoo wetu, dada wakimshuku wifi hawasemi, wanaleta sufuria yao. Wakaingia kwangu Magomeni mchana kweupe, sufuria kichwani, majirani wanatazama.

Mke wangu akauliza, "Wifi zangu, mmekuja kupika au kunivua nguo?"

"Tumekuja kumlisha kaka. Huyu ni mtu au ufito?"

Nami nikanyamaza. Miaka yote ile na yule mwanamke, nikanyamaza! Nisifiche: samaki wa nazi wa dada mkubwa naujua utamu wake. Mke wangu akafunga kanga zake, akaenda kwa mdogo wake Likombe.

Mwezi mzima wakanishindilia. Wali, kisamvu cha korosho, uji asubuhi na jioni. Nikazidi kukonda. Dada mkubwa akawa ananifuata hadi mlango wa choo.

"Kaka, chakula unakipeleka wapi?"

Najua mimi? Nilichoka nao, wakachoka nami, tukaenda hospitali.

Daktari akanishika shingo, akaniambia nimeze mate. Akaniambia ninyooshe mikono. Vidole vikacheza vyenyewe. Damu ikapimwa. Kumbe shingoni kuna tezi inayoamua mwili uchome chakula kwa kasi gani. Hata ukilala, moyo unapiga, pumzi inakwenda, joto linatunzwa. Vyote hivyo vinakula. Tezi yangu imepitiliza. Nikaelewa: jiko la mkaa limeachwa mlango wazi, utaongeza mkaa mpaka gunia liishe.

"Kwa hiyo si mapishi?" dada akauliza, sauti imekwisha.

"Mama, hata ungempikia cha harusi kila siku, angekonda tu," daktari akamjibu.

Nikaanza vidonge. Mke wangu alipopata habari alituma neno moja: sufuria ilikuja mchana, na iletwe mchana. Tukaenda Likombe watu watatu. Dada zangu wakaiweka miguuni pake, wakaomba radhi. Akawasamehe upesi. Kisha akanigeukia.

"Na wewe? Siku ile tezi ndiyo iliyokuziba mdomo?"

Nikajitwika ile sufuria mwenyewe, mzee mzima, nikarudi nayo Magomeni. Yeye nyuma yangu, taratibu, ili watu wote waione.