Madoa Meusi Tumboni mwa Mama

Mama alipasuliwa uvimbe wa kizazi katika hospitali moja huku Mbulu. Daktari, mgeni wa mkoa wetu, alitoka chumba cha upasuaji akatuita pembeni mimi na baba. Uvimbe umetoka salama, alisema, ila ameukuta utando wa ndani ya tumbo una madoa meusi, kama umepakwa masizi.

"Yanafanana sana na saratani. Nimekata kipande kikapimwe hospitali ya rufaa."

Kwetu mgonjwa hatajiwi saratani; wanaambiwa ndugu. Baba akaamua palepale: "Mama yako akiuliza, ni madoa tu, siyo ugonjwa." Nikaifanyia mazoezi sentensi hiyo mpaka ikaacha kutetemeka, nikamwambia mama. Ndivyo nilivyo, hata uongo naupiga pasi.

Majibu yalipokuja, daktari alisema, "Ni madoa tu, siyo ugonjwa."

Neno kwa neno! Nikamtazama baba, baba akakohoa, akaangalia dirishani. Wamepanga, nikawaza. Sasa nafichwa hata mimi.

"Daktari, mzee amekuomba unifiche?"

"Nikufiche nini? Ni rangi, kama hii ya ngozi yako, imejikusanya ndani. Ni nadra sana. Hata mimi nilidanganyika."

"Apa."

"Wee!" baba akafoka. "Unamwapisha daktari?"

Tulirudi nyumbani, kijijini Daudi. Majirani wakaja kumpalilia mama maharage bila kuombwa. Yeye akawatazama kutoka mlangoni.

"Shamba langu linapaliliwa kama la marehemu."

"Madoa tu, mama. Siyo ugonjwa."

"Shangazi yako naye tulimwambia hivyohivyo. Yuko wapi?"

Siku ya kutolewa nyuzi ilipita, akakataa kwenda. "Nitazikwa nazo." Kidonda kikaanza kuvimba na kutoa maji. Hapo nikaogopa nyuzi kuliko saratani, nikamwambia mama yote mbele ya baba: daktari alidhani ni saratani, baba akakataza usiambiwe, mimi nikakudanganya kabla hata majibu hayajatoka. Kipimo kimesema siyo.

Baba aliinuka, akakaa tena.

"Kumbe mlikuwa nalo hilo neno," mama akasema taratibu. "Basi kama leo mnalitaja mbele yangu, halipo."

Akaomba viatu aende kutolewa nyuzi. Pikipiki ilipofika alipanda kwa uangalifu, mkono tumboni, kisha akamgeukia baba.

"Na hicho kikohozi chako, daktari amesemaje?"

"Vumbi tu," baba akajibu.

Mama akanitazama mimi.