Kinoo cha Kati

Mtaani wanamwita Bi Vinoo, naye huitika kwa furaha, maana amewahi kuitwa mabaya zaidi. Mumewe ni kinyozi. Bi Vinoo mwenyewe hukaa chumba cha nyuma cha duka, kati ya ndoo ya maji na dirisha, akifufua nyembe za kukunja ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Wembe huingia umeliwa na kutu kama bati la banda la kuku, ukatoka unang'aa hata ujionee tundu za pua.

Lakini wembe uliomkosesha raha wiki ile haukuwa wa mteja. Ulikuwa wa baba mkwe wake, kinyozi mstaafu, mzee wa maneno machache na yote ya kuchoma. Alipokwenda kukaa miezi mitatu kwa binti yake, alimwachia wembe huo na sharti juu.

"Nikirudi utaninyoa kwa huu. Nikisinzia kitini, ni wako. Nisiposinzia, naupeleka kwa fundi wa sokoni, tusilaumiane."

Kwa mzee yule, wembe usiomlaza mtu haujanolewa, umepapaswa tu. Na Bi Vinoo aliutaka wembe ule kuliko cherehani aliyoikosa mwaka juzi.

Siku mbili kabla mzee hajarudi, akaufungua kutoka kwenye kitambaa chake kabatini. Lahaula! Makali yana pengo la kuingia punje ya mchele. Hakuhitaji mpiga ramli. Wiki iliyopita shemeji yake, mdogo wa mumewe, alitandika zulia jipya sebuleni, na kingo zilikuwa zimenyooka kupita kawaida.

"Shemeji, lile zulia ulikatia nini?"

"Kisu."

"Kisu gani?"

"Kile... cha kukunja. Cha kabatini."

"Mungu akuoteshe ndevu za chuma, na kinyozi wako niwe mimi!"

Pengo kama lile halitoki bila kinoo kikali, chenye punje kubwa, na cha kwake kilikuwa kimebaki kipande cha kunolea mikasi. Akaenda dukani. Muuzaji akamsukumia kikubwa, cha bei.

"Chukua hiki, mama, kina boksi lake."

"Mimi sinoi boksi."

Akavigonga kimoja kimoja kwa ukucha. Chenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Akapitisha kidole gumba, akasimamisha rula juu ya kila kimoja kuelekea mwanga, aone kama kimenyooka. Muuzaji akamuuliza kama anaposa. Akachukua cha tano, kidogo, kisicho na boksi, kilichonyooka kama neno la kweli.

Nyumbani akalaza wembe, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, akasugua mpaka pengo likaisha. Sasa zamu ya kinoo cha kati, kinachofuta mikwaruzo ya kile cha kwanza kabla ya kile laini. Akakiwekea rula: kimebonyea katikati kama godoro la wageni. Kukisawazisha ni kazi, na wateja wawili walikuwa wakigonga. Akajisemea, kile laini kitamaliza yote. Akakiruka cha kati. Jioni wembe ukafyeka vinyweleo vya mkono wake vizuri tu, naye akajipongeza.

Mzee akafika asubuhi ya pili, akaketi kitini, akapakwa povu. Bi Vinoo akashusha wembe shavuni mara moja. Mzee alifungua jicho moja tu. Ila mkono wa fundi ulikuwa umeshahisi: makali yanakwaruza kama chanuo kwenye nywele zilizosokotana. Mumewe akamkonyeza: endelea, atavumilia.

Bi Vinoo akaufunga wembe.

"Baba, nisubiri kidogo."

"Na povu?"

"Nitapaka jingine."

Akaingia chumba cha nyuma. Akachora mistari ya penseli juu ya kinoo cha kati, akatandaza msasa sakafuni, akakisugua kwa maji ili mistari yote ifutike. Ikibaki hata mmoja katikati, bado kuna bonde. Jasho likamtoka. Sauti ya mzee ikapenya pazia.

"Hicho unachokisugua ni cha kati?"

"Ndiyo, Baba."

"Ulikiruka?"

Akasugua mara mbili zaidi. Kisha, "Nilikiruka."

"Na mimi niliwahi. Mteja akatoka mbio na ndevu nusu, hata kofia hakurudi kuichukua. Nimeivaa miaka kumi."

Mume akacheka mpaka akaegemea kioo. Mistari ikaisha, wembe ukaanza kupita juu ya kinoo: mwanzo ukiparuza, halafu ukinong'ona.

"Sasa," mzee akasema, bila kuona chochote. "Hamia kwenye laini. Na huo wembe umepungua upana; halafu unieleze hilo pengo lilitoka wapi."

Shemeji, aliyekuwa mlangoni, akakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Povu jipya. Safari hii wembe uliteleza, na kilichosikika ni ule mchakacho mdogo wa ndevu zinazokatika. Shavu la kulia likaisha. Alipofika kidevuni kichwa cha mzee kikamlemea mkononi, akakishika. Mkoromo wa kwanza ukatoka.

"Anajifanya huyo," mume akanong'ona.

"Akijifanya shauri yake. Amekoroma, na wewe ni shahidi."

Akageuza uso wa mzee taratibu, asije akaamka kabla ya shavu la pili, akaendelea kumnyoa kwa wembe wake.